Tuulizwe Kabla Ramani Haijachorwa

Leo naiweka programu kando kidogo niseme kuhusu stima barabarani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandikia chama kimoja cha akiba programu ya kupokea malipo. Siku ya kuizindua, mama wa kaunta akaniuliza, "Kijana wangu, na wale wanaolipa kidogo kidogo nitawaandika wapi?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyemuuliza lolote tangu mwanzo, mimi nikiwa wa kwanza. Kazi ya miezi mitatu tukaianza upya.

Swali lake hunijia kila nikisikia mipango ya vituo vya kuchaji magari ya umeme kwenye barabara zetu kuu.

Marekani ilitenga dola bilioni 5 kwa sheria ya mwaka 2021, na kanuni yao ya kwanza ilikuwa kituo kila maili 50, yaani kilomita 80 hivi. Ni rahisi mtu kuinakili. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Gawanya kwa 80, ramani imekwisha. Lakini hesabu hiyo haijui mabasi husimama Mtito Andei abiria wale. Haijui dereva wa lori hulala wapi. Haijui hata plagi! Nissan Leaf kuukuu kutoka Japani huchaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO, na magari mengine mengi hutumia CCS. Weka aina moja tu, na mwenye ile nyingine atafika Voi aitazame mashine kama picha ukutani. Na mtu wa bodaboda je? Yeye mara nyingi hataki kuchaji, anataka kubadilishiwa betri aende zake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi. Tatizo ni namna tunavyoufanya: ukumbi wa hoteli siku ya kazi, waraka mrefu wa Kiingereza, kisha "Mnakubali?" Hapo ramani imeshachorwa zamani.

Najua kuna atakayesema kila mtu atataka kituo mbele ya duka lake. Kweli kabisa. Ndiyo maana tusiulizwe kiwekwe wapi. Tuulizwe: unasimama wapi, dakika ngapi, usiku pana usalama, stima hupotea mara ngapi? Hayo yanaingia kwenye jedwali, na mhandisi aamue akiwa nayo mkononi.

Mwingine atasema magari yenyewe bado ni machache. Basi huu ndio wakati! Kufuta mstari kwenye ramani ni rahisi kuliko kung'oa transfoma.

Mimi nilifunzwa na mama wa kaunta, nikaona aibu siku moja tu. Mashine iliyowekwa mahali pasipofaa itatuaibisha miaka mingi, tena kwa pesa zetu.

Wewe ukienda Mombasa, husimama wapi?