Tuupime Mwili Ulivyo Leo

Gauni likibana kwapani au likipanda mbele, sisi humlaumu fundi. Lakini mara nyingi kosa lilianzia kwenye vipimo. Kitambaa kikishakatwa hakiongezeki, na fedha yake tuliibana kwenye matumizi ya nyumbani. Basi mwezi huu tujifunze kupimana.

Mama asijipime peke yake, maana akiinama au kuinua mikono vipimo hubadilika. Avae sidiria atakayovalia gauni hilo, asimame wima, apumue kama kawaida. Asivute tumbo ndani! Utepe uzunguke mwili ukiwa sawa mbele na nyuma, usilegee wala usikaze.

KIUNO: Tumfunge uzi tumboni, kisha ajipinde upande. Panapokunjika ndipo kiuno kilipo. Uzi ubaki hapo, tupime urefu wa mgongo kutoka mfupa unaojitokeza shingoni hadi kwenye uzi.

KIFUA NA NYONGA: Tupime mahali palipojaa zaidi.

MKONO: Akunje kiwiko kidogo, tupime kutoka bega hadi kifundo cha mkono, tukipitia kiwiko.

Tuandike kila kipimo papo hapo, tusichanganye inchi na sentimita: inchi 36 ni kama sentimita 91. Tumweleze fundi kwamba hivyo ni vipimo vya mwili, ili aongeze nafasi. Kwa gauni la kitenge, kisichovutika, sentimita 5 hadi 10 kifuani zinafaa.

Mama anayenyonyesha apimwe kabla ya kunyonyesha, matiti yakiwa yamejaa, na gauni lake lifunguke mbele. Nguo inayobana titi yaweza kuzuia maziwa kutoka vizuri, likavimba na kuuma. Mjamzito apimwe pia urefu wa mbele, kwa sababu tumbo hupandisha pindo.

Wapo wenzetu ambao, kwa kuona haya, humtajia fundi kipimo cha kabla ya kuzaa. Sare ya umoja ikija haiwaingii, nao hubaki nyumbani siku wenzao wanapokusanyika. Kwa hiyo tunaopima tusitaje namba kwa sauti wala kutania. Tuandike kimya, tukunje karatasi, tumpe mwenyewe. Mwili uliolea watoto hauna la kuonea aibu; unastahili nguo inayoutosha.