Upigaji Picha ni Utunzi: Wito kwa Wanafunzi wa Kiswahili wa Thika na Ruiru

Mwanafunzi wa Fasihi Simulizi anapotoka darasani kwenda nyanjani, iwe ni katika vijiji vya kuelekea Kilimambogo, nje ya mji wa Thika, au katika mitaa ya Ruiru, hubeba vitu vitatu: daftari, kinasasauti na simu yenye kamera. Arudipo, daftari huwa limejaa na sauti huwa imenaswa barabara. Picha, hata hivyo, huwa za kusikitisha. Msimulizi ameketi mbele ya dirisha, na uso wake umegeuka kivuli cheusi kisicho na macho wala kinywa. Mikono iliyokuwa ikiigiza mwendo wa fisi imekatwa kwenye vifundo. Mlingoti wa stima umechomoza utosini mwa bibi aliyekuwa akiongoza wimbo. Ripoti huwasilishwa, matini husifiwa, na picha hubandikwa mwishoni kama kiambatisho ambacho hakuna anayekiulizia.

Jambo hili huchukuliwa kuwa dogo, na hapo ndipo kosa lilipo. Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kufundishwa upigaji picha kwa uzito ule ule anaofundishwa unukuzi wa sauti, na kwamba mafunzo hayo yanaweza, tena yanafaa, kutolewa kwa Kiswahili.

Hoja ya kwanza inatokana na taaluma yenyewe. Tangu Ruth Finnegan achapishe kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika mwaka wa 1970, wanafunzi wamekuwa wakikaririshwa kuwa kipera cha fasihi simulizi hukamilika katika utendaji. Ishara za mikono, maleba, mkao wa hadhira na mahali pa tukio ni sehemu ya matini. Ikiwa ndivyo, basi kinasasauti hunasa nusu tu ya kazi, na nusu iliyosalia huachiwa jicho. Picha iliyoharibika ni sawa na unukuzi uliorukwa mishororo. Na kwa kuwa wasimulizi wengi wanaofuatwa nyanjani ni watu wenye umri mkubwa, aghalabu hakuna fursa ya kurudi kurekebisha kosa hilo mwaka unaofuata.

Wapo wanaodai kuwa siku hizi simu hupiga picha yenyewe, hivyo basi mafunzo hayana haja. Dai hili lina ukweli kiasi. Simu hupima mwanga na kulenga bila kuulizwa. Hata hivyo, chombo cha kupimia mwanga huchukulia kuwa kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, kina rangi ya kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga lenye kung'aa, kamera huuona mwanga mwingi ule wa nyuma, hupunguza mwanga unaoingia, na uso wa mtu hupotea gizani. Historia nayo inafundisha kuwa vifaa hivi havikubuniwa bila upendeleo. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, maabara za kusafishia filamu za kampuni ya Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Simu za kisasa zimeboreshwa, lakini mwanafunzi asiyejua kuugusa uso wa msimulizi kwenye kioo cha simu na kuongeza mwanga, au kumwomba babu ageuke na kulikabili dirisha, ataendelea kurudi na vivuli.

Ni muhali pia kuyategemea maelekezo ya vitabu vya Ulaya bila kuyapima kwa jua la hapa. Vitabu hivyo husifu mwanga mwororo wa jioni kana kwamba hudumu muda mrefu. Thika iko takriban digrii moja tu kusini mwa Ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tena hupanda karibu wima. Mwanga mwororo haudumu hata saa nzima. Ifikapo saa sita mchana, jua huwa utosini na macho ya mtu huzama katika mashimo ya kivuli. Mwanafunzi mwenye busara atamsogeza msimulizi chini ya mwembe au barazani, mahali ambapo mwanga humfikia kwa upole kutoka upande mmoja. Kwa upande mwingine, mwezi wa Julai, wakati mawingu na baridi hufunika Ruiru na Thika kwa siku kadhaa, anga lote hugeuka kuwa kama kitambaa kikubwa kinachouchuja mwanga. Siku hizo ambazo wengi huziona mbaya ndizo zinazofaa zaidi kwa picha za sura.

Hoja ya pili inahusu lugha. Imezoeleka kuaminiwa kuwa upigaji picha haufundishiki kwa Kiswahili kwa sababu istilahi zake ni za Kiingereza. Imani hii haina mashiko. Katika studio ndogo za mijini, zile za picha za pasipoti na za harusi, wanagenzi wengi wamejifunza kazi kwa masikio, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha za nyumbani, bila kufungua kitabu hata kimoja. Kwa hiyo, Kiswahili cha kamera tayari kipo vinywani mwa watu. Kilichokosekana ni wa kukiratibu. Maana za msingi nazo huelezeka bila taabu. Tundu la lenzi hufanya kazi kama jicho linalofinywa mbele ya jua: kadiri namba yake inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo, na kutoka 5.6 hadi 8 mwanga unaoingia hupungua kwa nusu. Shata ni mlango. Swali ni unaachwa wazi kwa muda gani. Aliyeelewa maelezo haya hahitaji kukariri jedwali.

Muhimu zaidi ni kuwa mwanafunzi wa Kiswahili tayari anazo dhana za mpangilio wa picha. Hajaambiwa tu kuwa anazo. Kile ambacho wapiga picha wa Kiingereza hukiita kwa jina moja na utungaji wa muziki na insha, Kiswahili nacho hukiita utunzi. Mwanafunzi anapouliza ni nini kilicho nyuma ya mhusika, anauliza kuhusu usuli. Anapoamua kama atachuchumaa ili amtazame mtoto usoni au atasimama amtazame kutoka juu, anaamua kuhusu mtazamo. Anapoweka mtu upande mmoja na mti upande wa pili ili fremu isielemee, anashughulikia urari, kama mshairi anavyosawazisha ukwapi na utao. Anapoisogelea mikono ya msusi wa vyondo na kuacha mengine yote, amechagua utondoti. Mistari ya mananasi katika mashamba ya nje ya Thika, ambayo huliongoza jicho hadi upeo wa macho, hufanya kazi ya msuko: humtoa mtazamaji hapa na kumfikisha kule.

Ichukuliwe ile kanuni maarufu ya theluthi. Kanuni hii huigawa fremu sehemu tatu kwa upana na tatu kwa kimo, na kushauri kuwa kitu muhimu kikae kwenye mistari hiyo au inapokatana, badala ya katikati. Wengi hudhani ilizaliwa na kamera. La hasha! Mwingereza John Thomas Smith aliitaja mwaka wa 1797, kabla ya kamera ya picha kuvumbuliwa, akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani. Ulikuwa ushauri wa mchoraji mmoja kwa wachoraji wenzake, nao umekuja kugeuzwa sheria.

Wasomi wa ushairi wa Kiswahili wanaufahamu vyema mgogoro wa namna hii. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka wa 1954, wapo waliozishika kama ngao, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974, wapo waliolia kuwa ushairi umeuawa. Miongo kadhaa baadaye, darasa hufundisha pande zote mbili, nalo linajua kuwa mshairi huru aliye bora ni yule anayeijua arudhi anayoivunja. Mwanafunzi wa picha na apitie njia hiyo hiyo. Kwa mwezi mmoja aishike kanuni ya theluthi bila kuasi. Kisha aende kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, asimame katikati kabisa, na aone jinsi ulinganifu wa njia zile unavyodai picha ya katikati. Hapo atakuwa amevunja kanuni kwa sababu anayoweza kuitetea.

Uamuzi wa namna hii huonekana waziwazi katika maporomoko ya Chania mjini Thika, au yale ya Fourteen Falls katika mto Athi. Shata ikifunguka kwa sehemu moja kwa elfu ya sekunde, kila tone huonekana likining'inia hewani kama kioo. Ikiachwa wazi kwa nusu sekunde, kamera ikiwa imetulizwa juu ya jiwe, maji yale yale huwa kama shuka jeupe lililoanikwa. Hakuna macho ya binadamu yaliyowahi kuyaona maji kwa mojawapo ya namna hizi mbili. Mwanafunzi wa fasihi atatambua mara moja kuwa hili ni swali la usimulizi: nani anasimulia, kwa kasi gani, na anaficha nini.

Hili si jambo geni katika ulimwengu wa Waswahili. Omar Said Bakor (1932–1993), aliyekuwa na studio yake Lamu, alizikata na kuziunganisha picha hadi zikazaa taswira ambazo kamera peke yake isingezipata. Huo ni utunzi kwa maana kamili ya neno. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943, aliishika kamera angali mwanafunzi Dar es Salaam, na kufikia mwaka wa 1963 alikuwa ameanzisha kampuni yake ya Camerapix. Picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, mnamo Oktoba 1984, ziliuamsha ulimwengu. Yeye hakungoja shahada ndipo ajifunze kutazama.

Kuna hasara nyingine ya kutojifunza. Kwa wasomaji wengi wa ng'ambo, Thika ni jina la kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka wa 1959, The Flame Trees of Thika, kilichogeuzwa kuwa mchezo wa televisheni nchini Uingereza mwaka wa 1981. Ni Thika iliyotazamwa kwa macho ya mtoto wa mlowezi. Haifai kumlaumu Huxley kwa kuandika alichokiona. Linalofaa kuulizwa ni wako wapi waliouona upande wa pili. Ruiru ambayo jina lake limebebwa na aina ya mbuni iliyozalishwa huko, Ruiru 11, imeshuhudia mashamba ya kahawa yakigeuka mitaa ya makazi. Kazi zinapoondoka, nyimbo na mazungumzo ya kazi huondoka nazo. Asiyepiga picha sasa, tena picha inayosomeka, atakuja kuifundisha mandhari hiyo kwa maneno matupu.

Hata hivyo, ustadi usio na adabu ni hatari. Katika Kiswahili mtu hupiga picha, lakini pia hupiga hodi, na hodi hutangulia. Msimulizi ana haki ya kuulizwa, ya kukataa, na ya kuonyeshwa picha kabla haijasambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini hata pasipo sheria, mgeni aliyekaribishwa chai na kupewa hadithi hawezi kuondoka na uso wa mwenyeji wake bila ruhusa.

Kuhusu gharama, hakuna anayependekeza idara zinunue mitambo ya mamilioni. Simu iliyo mfukoni inatosha kufunzia mwanga, usuli, mtazamo na urari. Linalohitajika ni mambo matatu. Kwanza, idara zitenge vipindi viwili au vitatu vya upigaji picha kabla ya kazi ya nyanjani, na wapiga picha wa studio za Thika na Ruiru waalikwe kuwa wakufunzi, kwa malipo na kwa heshima. Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikusanye istilahi zinazotumiwa na mafundi hao, vizilinganishe, na kuzichapisha katika majarida kama hili. Tatu, picha ya nyanjani isahihishwe kama sehemu ya kazi: iwe na jina la mtendaji aliyeridhia kutajwa, mahali, tarehe na maelezo ya tukio, na ikitiwa dosari, mwanafunzi aelezwe dosari yenyewe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtendaji wa fasihi simulizi amekuwa akicheza kwao siku zote, Thika na Ruiru, mbele ya wanafunzi waliomjia na simu mkononi. Njia mojawapo ya kumtunza ni kuhakikisha kuwa siku wajukuu wake watakapoifungua ripoti ile maktabani, wataweza kuuona uso wake.