Mieleka ya vijana wetu na konti ya mama



Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliachia vijana: mieleka, ile tunayoita catch, na namna wanavyoishiriki kwenye mitandao. Vijana wetu wanawajua John Cena na Roman Reigns kama vile ni majirani. Wanakata vipande vya video, wanaviweka kwenye Facebook ao YouTube, kisha wanabishana hadi usiku nani ni bingwa wa kweli. Ni mchezo, na unawapatia marafiki. Lakini video ile ina mwenyewe, na mara nyingi telefone wanayotumia ni ya mama. Konti wanayowekea video ndiyo hiyohiyo mama anauzia vitenge vyake. Ikifungwa, wateja wanapotea pamoja nayo.

Kwanza tujue mali ni ya nani. Kampuni ya WWE ya Marekani inalipa wapiganaji, watu wa kamera na watu wa taa, kisha inauza haki ya kuonyesha mapigano. Kwa hiyo video ni mali yake. Muziki unaopigwa mpiganaji akiingia ulingoni nao una mwenyewe. Tusiseme upesi kwamba huo ni uchoyo. Hapa kwetu Congo pia tuna sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki ya mtunzi. Mwimbaji wa Lubumbashi ao wa Bukavu ambaye nyimbo zake zinauzwa na watu wengine bila yeye kupata hata franka moja, anaelewa vizuri kwa nini sheria kama hiyo ipo.

Sasa, sheria ya Marekani inafikaje kwenye telefone yetu? Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria inayosema hivi: kampuni ya mtandao haitahukumiwa kwa ajili ya video iliyowekwa na watu wengine, mradi iiondoe upesi mwenye mali anapolalamika. Facebook na YouTube ni za Marekani, kwa hiyo zinafuata utaratibu huo kwa watu wote, hata sisi. Kampuni inaondoa kwanza, maswali yanakuja nyuma. Tena, tangu mwaka 2007, YouTube inatumia mashine inayolinganisha video mpya na mifano iliyoletwa na wenye mali. Mashine inatambua picha na muziki. Haijui kama kijana ameiba pigano zima ao ameonyesha sekunde chache ili aeleze kwa nini mwamuzi alikosea.

Kuna wakati hatari ilikuwa kubwa zaidi. Mwisho wa mwaka 2011, wabunge wa Marekani walikuwa na miswada miwili ambayo ingeruhusu mtandao mzima wa nchi ya kigeni ufungiwe njia kwa ajili ya mali ya wizi. Kwa vikundi vya wapenzi wa mieleka, hiyo ingemaanisha kwamba video za wachache zinaweza kuzima mazungumzo ya wote, pamoja na yale waliyoandika kwa miaka mingi. Tarehe 18 Januari 2012, Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga siku nzima ili kupinga, na siku chache nyuma yake miswada ile ikawekwa kando. Mwaka 2019 nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria yao. Iliwabebesha wenye mitandao mikubwa jukumu la vitu vinavyowekwa na watu, lakini ikaacha nafasi ya kunukuu, kukosoa na kufanya mzaha.

Nafasi hiyo ni ya maana, na mama mmoja wa Pennsylvania, Marekani, aliipigania. Mwaka 2007 aliweka video ya sekunde 29 ya mtoto wake mdogo akicheza jikoni, na wimbo wa Prince ukisikika nyuma. Kampuni ya muziki ikadai iondolewe, ikaondolewa. Mama yule hakunyamaza. Alipinga kwa maandishi, video ikarudishwa, kisha akaipeleka kampuni mbele ya tribinali. Mwaka 2015 tribinali ya rufani ilisema kwamba mwenye mali, mbele ya kudai video iondolewe, anapashwa kwanza kufikiri kama matumizi yale yanaruhusiwa na sheria. Ilichukua miaka mingi, lakini neno lake limebaki.

Basi, tufanye nini nyumbani?

Tuwafundishe vijana kutofautisha. Habari kwamba fulani ameshinda haina mwenyewe. Kila mtu anaweza kuisimulia. Maneno yao wenyewe, ubishi wao na maelezo yao ya pigano kwa Kiswahili ni mali yao. Kipande kifupi kinachofuatwa na maelezo kina utetezi. Pigano zima lililochukuliwa kwa televisheni na kuwekwa vilevile halina utetezi, hata kama wameandika chini yake kwamba mali si yao. Maneno yale hayamlindi mtu.

Tutenganishe konti. Ya biashara ya mama ao ya kikundi isitumiwe kwa mieleka hata siku moja. Kijana aliyefikisha umri wa miaka 13, ambao Facebook inaudai, awe na yake, na mzazi aijue.

Tusome onyo likija. Kwenye YouTube, kuna wakati mwenye mali anazuia tu video ile ao anachukua pesa ya matangazo yake. Hapo konti haijaguswa. Lakini akidai iondolewe kisheria, konti inapata onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga kabisa. Kama kijana ana hakika kwamba hakukosea, anaweza kupinga kwa maandishi. Ajue tu kwamba atatoa jina lake la kweli, na kwamba mwenye mali anaweza kwenda tribinali. Kwa hiyo asipinge kwa hasira. Akae kwanza na mzazi.

Na tujihadhari na matapeli. Wanatuma ujumbe wakijifanya Facebook: "Umevunja hakimiliki, bonyeza hapa ao konti itafungwa leo." Ukibonyeza, wanakuomba neno la siri, na konti inakuwa yao. Usibonyeze. Fungua konti yako mwenyewe, uangalie kama onyo liko ndani kweli. Neno la siri halipewi mtu, hata akisema yeye ni mkubwa wa kampuni.

Tusiwakataze vijana mieleka kwa sababu ya woga. Anayejifunza kuheshimu jasho la mpiganaji wa mbali ataheshimu pia jasho la fundi wa hapa kwetu. Kwenye mkutano ujao wa kikundi, mbele ya kuhesabu likelemba, tuulizane: nani ana neno la siri la ukurasa wetu, na ni telefone ngapi za watoto ambazo bado zimefunguliwa kwenye ukurasa huo? Zile zisizopashwa kuwa ndani, tuzitoe siku hiyohiyo.