Kibao cha kwanza kijaribiwe

Namshukuru mwandishi aliyewahimiza vijana washirikiane kutengeneza vikuza sauti vyao wenyewe, kwani gharama ya kiwandani ya kutayarisha vibao vya saketi, iliyo nzito kwa mtu mmoja, huwa hafifu igawanywapo baina ya wengi. Walakini jambo aliloligusia kwa mbali ndilo lililo aula kwangu, nalo ni kwamba kabla ya fedha za jamaa kukusanywa zote, kibao kimoja kitiwe lehemu, kipitishwe umeme na kisikilizwe. Chukueni, mathalan, saketi ya kikuza sauti ya John Linsley Hood iliyochapishwa katika jarida la Wireless World mwaka 1969: ina transista 4 tu kwa kila upande na hutoa takriban wati 10, ilhali hula ampea moja na ushei hata muziki ukiwa kimya, hivyo joto lake ni kali mno, na matundu ya skrubu yakikosewa kwa milimita 2 tu, transista hazitalala sawasawa juu ya bati la kupozea, na kosa la mchoraji mmoja wa kibao litakuwa hasara ya kundi zima. Fauka ya hayo, mshika amana wa fedha hizo asiwe ndiye mchoraji, na kila mchangaji apewe hesabu kwa maandishi, hata ya bei ya kapasita.