Mtoto Asiye na Neno la Hasira Yake

Ndugu walimu, liko jambo tulifanyalo madarasani ambalo hatuna budi kulikemea. Mtoto akifura na kumsukuma mwenzake, twamwambia, "Acha hasira!" Akilia, twamwambia, "Nyamaza!" Kisha twarudi kwenye ngeli, kana kwamba lugha haihusiki na lililotokea.

Inahusika sana, hasa hapa Rumonge. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwatawanya watu wa mwambao huu hadi Tanzania, na vizazi vikazaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi waliporejea kuanzia mwaka 2008, watoto waliletwa na Kiswahili chao katika shule zilizofundisha kwa Kirundi na Kifaransa, huku wazazi wakigombania mashamba ya michikichi. Mtoto aliyechekwa matamshi yake akirusha ngumi, kesi ilikatwa kwa fimbo. Nani alimwuliza ni neno gani lililomwasha? Na leo wapo ambao Ziwa Tanganyika liliingia majumbani mwao lilipofurika mwaka 2024. Mvua ikivuma juu ya bati, mmoja huduwaa, mwingine huwa mkali; nasi twaandika: "mtovu wa nidhamu".

Wenzetu hutujibu kwa methali ya Kirundi, kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Methali tamu, ila haisemi yakifika huko hufanya nini.

Kiswahili hakina umaskini hapa. Kina hasira, ghadhabu, uchungu, fadhaa, wivu, simanzi. Hasira huwaka ikazimika, kinyongo hukaa. Mtoto asiyejua tofauti hiyo ataitawalaje? Tena sarufi yenyewe yatusaidia. Kiambishi -po- ndicho chombo hasa cha kazi hii: "Ninapoitwa mkimbizi, kifua hunibana." Halafu -ki-: "Kikinibana, huondoka kidogo nikanywa maji." Sentensi mbili tu, na mwanafunzi amekwisha kutaja kinachomchokoza, dalili yake mwilini, na la kufanya kabla mkono haujainuka.

Eti huko ni kuwadekeza! Mvuvi wa hapa hutazama upepo kabla ya kusukuma mtumbwi, na hatujamsikia yeyote akimwita mwoga.

Wasemao kwamba muhula ni mfupi watuambie ni dakika ngapi walizozitumia juma hili kuamua ugomvi. Somo la -po- limo katika muhtasari. Tutalifundisha vyovyote iwavyo. Basi "Juma anapokula ugali" apumzike kidogo ubaoni, na kila mtoto aandike ya kwake, bila kulazimishwa kuyasoma mbele ya darasa.