Umuhindo ulinikuta Mahoko

Nilivuka kutoka Goma kuingia Gisenyi, Rwanda, Novemba 1996, nimeshika kitenge cha mama, kati ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wakirejea. Nilidhani kurudi nyumbani kulikwisha siku ile. Sivyo kabisa.

Septemba iliyopita nilirudi tena kwetu Kanama, umuhindo, msimu wa mvua na kupanda, ukianza. Ukutani kwa shangazi, pale Mahoko, bado pana mstari wa tope la Sebeya, mto uliofurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Alinipa jembe, tukapanda maharage. Hapo ndipo hasira niliyoifungia moyoni tangu utotoni iliponipanda kooni. Safari hii sikuikimbia. Nililia katikati ya matuta, na shangazi hakuninyamazisha. Aliendelea kufukia mbegu kwa kisigino.