Namba ya Chembe Sahani Isisainiwe Bila Darubini

Cheti cha maabara kikisema chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 28,000 kwa maikrolita ya damu, wakati kawaida ni 150,000 hadi 450,000, mgonjwa wa Ibadakuli, Shinyanga, hana pa kubishia. Upasuaji unaahirishwa, mjamzito ananyimwa ganzi ya mgongoni, ndugu wanaanza kuchanga nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Na huenda chembe zake zimetimia.

Namba ya uongo ya namna hii si jambo geni. Limeandikwa na wataalamu tangu 1969. EDTA, dawa ya chupa yenye kifuniko cha zambarau, huwekwa ili damu isigande. Kwa watu wachache, takriban mmoja kati ya elfu, kingamwili zao hukutana na dawa hiyo zikazishikamanisha chembe sahani mafungu mafungu. Mashine huhesabu kwa ukubwa, hivyo fungu zima huachwa, au hata kuhesabiwa kuwa chembe nyeupe. Chupa ikikaa mezani namba huzidi kushuka. Kuna pia kosa la mkono linaloishusha namba: mshipa umechokorwachokorwa, damu imetoka kwa kusuasua, chupa haikupinduliwa taratibu ichanganyike na dawa.

Maabara inayotoa namba kama hiyo bila kuitazama damu kwa darubini imezembea. Isisingizie vifaa. Kutoka Shinyanga hadi Geita darubini zipo kwa ajili ya malaria. Kipimo cha haraka kimezipumzisha tu. Inatakiwa slaidi moja, rangi ya Giemsa, na jicho linalofika hadi ncha ya utando mwembamba, ambako mafungu hurundikana. Yakionekana, damu itolewe upya kwenye chupa ya sitrati, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ipimwe mapema, na jibu lizidishwe kwa 1.1 kwa kuwa sitrati ni ya majimaji na imeizimua damu. Wapo ambao hata sitrati haiwafai. Kwao slaidi ndiyo jibu.

Asitokee wa kusema basi namba ndogo zipuuzwe. Malaria hushusha chembe sahani kwelikweli, na dengue vilevile. Anayetokwa damu atibiwe, slaidi itafuata.

Wasimamizi wa maabara, za serikali na za binafsi, waweke sharti: namba iliyo chini ya 100,000 kwa mara ya kwanza isitoke bila maelezo ya slaidi. Madaktari wakirudishe siku hiyohiyo cheti kisicho nayo. Gharama ya kurudia kipimo ibebwe na maabara, si mgonjwa.